Kuzamia na Papa Bila ya Kizimba

Wengi wenu mnamjua papa akiwa mkavu, amekatwa vipande, yumo katika mchuzi wa nazi. Leo tutamtazama angali hai, katika bahari za mbali.

Kwanza tulijue neno moja. Kizimba ni kijumba cha nondo za chuma. Mtalii anayetaka kumwona papa huingia ndani, kizimba kikashushwa majini, naye akamtazama papa pasipo kuumwa. Lakini wapo watu wanaozamia bila ya kizimba, wakaogelea na papa ubavu kwa ubavu. Jambo hili limezusha ubishi mkubwa.

Mwezi wa Januari 2019, karibu na kisiwa cha Oahu katika Hawaii, huko Marekani, mzoga wa nyangumi ulikuwa ukielea baharini. Papa wakaja kuula. Kati yao alikuwamo papa mweupe jike, urefu wake wapata futi 20, mrefu kuliko motokaa. Mwanamke mmoja, jina lake Ocean Ramsey, akaogelea kando yake, akamgusa kwa mkono. Picha zake zikaenea dunia nzima.

Ramsey alisema nia yake ni kuwaondolea watu hofu. Hoja hiyo ina uzito, maana ni nani atakayemtetea mnyama anayemwogopa? Mwaka 2013 wataalamu walikisia ya kuwa wavuvi wa dunia huua papa kama milioni 100 kila mwaka, wengi kwa ajili ya mapezi na nyama. Na papa si dagaa. Papa mweupe jike hukisiwa kufika miaka 30 na zaidi ndipo azae. Wakivuliwa upesi kuliko wanavyozaa, watakwisha.

Lakini baadhi ya wataalamu wa papa walimlaumu. Walisema papa anayekula asisumbuliwe wala asiguswe, na ya kwamba aonaye picha zile atataka kuiga. Kweli, watu walikwenda kwenye mzoga ule, hata serikali ya Hawaii ikawaonya wakae mbali. Ramsey amezoea papa kwa miaka mingi. Anayemwiga hajui papa akikasirika huonyesha dalili gani.

Tena wakiumwa watu wachache, papa wengi hulipizwa kisasi. Katika Australia Magharibi, baada ya waogeleaji na watu wengine kadhaa kuuawa na papa, mwaka 2014 serikali ilitega ndoana kubwa zenye chambo. Walinaswa papa 172, wakafa 68. Papa weupe, ambao ndio waliokuwa wakishukiwa, hakunaswa hata mmoja!

Mimi naona kiini cha ubishi si kizimba, bali ni chambo. Nyinyi mlio wavuvi mnajua chambo ni nini. Baadhi ya wenye mashua za watalii humwaga vipande vya samaki majini ili papa waje karibu, na watalii wamo humo humo. Katika Bahamas mtalii mmoja alikufa kwa njia hiyo mwaka 2008. Jimbo jirani la Florida lilikuwa limekwisha kuamua tangu 2001 kwamba wazamiaji wasilishe papa. Bahamas haikufuata. Ila mwaka 2011 ilipiga marufuku biashara ya kuvua papa katika bahari yake yote, kwa kuwa papa aliyekufa huuzwa mara moja tu, na aliye hai huleta wageni kila siku.

Hawaii nayo ina sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2022, anayemkamata au kumwua papa kwa kusudi hutozwa faini: dola 500 kwa kosa la kwanza, na 10,000 kwa kosa la tatu. Miongoni mwa waliopigania sheria hiyo ni huyo huyo Ramsey. Waliomlaumu kwa kumgusa papa hawawezi kumnyima sifa hiyo.

Haya, mwalimu, andika ubaoni swali la kujadiliana: Ikiwa mvuvi anavua papa apate kulisha wanawe, na mgeni yuko tayari kulipa fedha amwone papa huyo akiwa hai, je, fedha hizo zimfikie mvuvi kwa njia gani?