Mwani umehamia kina kirefu, mama zetu hawajui kuogelea

Ukitaka kumkuta mkulima wa mwani kazini, Paje au Jambiani, usitazame saa. Tazama mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, bahari hupwa ikaenda mbali, na hizo ndizo siku za bamvua. Wanawake hushuka pwani kanga zimekazwa kiunoni, gunia begani, wakatembea mchangani mpaka mashambani kwao. Kazi yenyewe ni ya kuinama. Kamba imevutwa baina ya vigingi viwili, na kila shubiri moja hufungwa kitawi cha mwani kwa kijikamba chembamba. Kitawi hicho ndicho mbegu. Wiki sita hivi baadaye kimekuwa kichaka: huvunwa, hubebwa kikiwa kinachuruzika maji ya chumvi, huanikwa juani, hupimwa kwa kilo. Maji mafu yakiingia, kazi husimama mpaka bamvua nyingine.

Watu wanapozungumzia mabadiliko ya dunia, siasa huwekwa kwake, sayansi kwake, elimu na biashara kwake. Kwenye kamba ile ya Paje yote manne yamefungwa pamoja, na uzito wake anaubeba mtu mmoja.

Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti na kuupigia debe mwani wetu kwa miaka mingi kabla haujawa zao. Kilimo cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili: spinosamu, mwembamba na mvumilivu, na kotonii, mnene na wenye bei. Wanunuzi wa nje wanautaka kwa ajili ya karajinani, ile inayoipa aiskrimu uzito na kuifanya dawa ya mswaki ishikamane. Leo mwani unatajwa pamoja na utalii na karafuu katika mapato ya Zanzibar ya fedha za kigeni, na wakulima wake ni zaidi ya 20,000, wengi wao wanawake.

Kabla ya hapo mwanamke wa vijiji hivi alikuwa na usumba wa kusokota kamba, chaza wa kuokota, na pesa ya kuomba kwa mume. Mwani ulimpa pesa ya mkononi. Wapo waume waliokataza, na ndoa zilitikisika. Kisha sare za skuli zikanunuliwa, mabati yakapanda juu ya mapaa ya makuti, na makatazo mengi yakafifia yenyewe. Mimi nayahesabu hayo kuwa mapinduzi makubwa, ingawa hayakuandikwa kwenye ilani ya chama chochote.

Halafu maji yakapata joto. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa mashambani. Msimu wa kaskazi, jua la mchana likikuta bahari imekupwa, maji yale ya magotini huvuka nyuzi 30. Tawi hupauka likawa jeupe, hulainika, hukatika, na wimbi huondoka nalo. Sehemu nyingi wakulima wamebakiwa na spinosamu, ambao bei yake haifiki hata nusu ya kotonii. Jasho ni lile lile, mgongo ni ule ule.

Watafiti hawakukaa kimya. Dkt. Flower Msuya, aliyeufanyia mwani kazi kwa miongo kadhaa, alijaribu pamoja na wakulima wenyewe njia ya kupanda kotonii kwenye mirija ya nyavu inayoelea penye kina kirefu, ambako maji ni baridi zaidi. Kisayansi jibu limepatikana. Lakini kina kirefu kinataka boti, na boti inataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wa wanawake hawa hawajui. Wamezaliwa hatua chache kutoka ufukweni na kufanya kazi baharini miaka thelathini, ila daima kwa maji ya kupwa. Kuvuka mwamba ilikuwa kazi ya wanaume, na msichana hakufundishwa kuogelea kwa kuchelea kwamba stara itavunjika. Kule Nungwi, Mradi wa Panje umeonyesha kuwa wasichana wanaweza kufundishwa wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima. Kwa hiyo hoja ya stara imeshapatiwa jibu.

Biashara nayo ina deni lake. Mara nyingi mnunuzi ndiye anayetoa kamba, na anayetoa kamba ndiye anayepanga bei. Waliochomoka ni wale waliojifunza kusaga mwani. Vikundi vya wanawake Kidoti na Bweleo vinatengeneza sabuni kwa unga wa mwani, mafuta ya nazi na viungo vyetu. Kipande kimoja kinauzwa kwa bei inayozidi mara kadhaa ile ya kilo nzima ya mwani mkavu. Tofauti hiyo imeletwa na mafunzo, si na shamba kubwa.

Tangu mwaka 2020, chini ya Rais Hussein Mwinyi, Zanzibar ina Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na ujenzi wa kiwanda cha mwani ulianzishwa Chamanangwe, Pemba. Ni hatua za kweli na zinastahili sifa. Lakini kiwanda kinahitaji kotonii, na kotonii imehamia mahali ambapo mkulima wake hawezi kusimama.

Bajeti ya Wizara ya Uchumi wa Buluu inaposomwa katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, wawakilishi wa majimbo ya pwani naomba waulize mambo mawili na wasikae mpaka wajibiwe: ni boti ngapi zimeandikishwa kwa majina ya vikundi vya wanawake, na ni wanawake wangapi wamefundishwa kuogelea.