Kwotabeki akiumia

Katika mupira wa Marekani kwotabeki ndiye anayepokea mupira na kuwatupia wenzake. Tarehe 15 Oktoba 2017 Aaron Rodgers wa Green Bay alivunjika mfupa wa bega, upande ule wa kutupia. Kundi lao lina timu 4. Wa kwanza peke yake ana hakika ya kuingia mechi za kutafuta ubingwa. Basi wapenzi wa timu jirani wanahesabu: Detroit atapita? Chicago je? (Hata sisi, kipa wa darasa lingine akishikwa na malaria, tunahesabu vile vile.) Lakini Minnesota naye alimukosa Sam Bradford, mugonjwa wa goti. Yule wa akiba, Case Keenum, ndiye alicheza, na timu ikashinda mechi 13 juu ya 16. Detroit 9, akabaki nje. Green Bay 7.