Malkia wa bure: mchezo mmoja wa sataranji, kati ya magharibi na isha

Hapa Sib, tangu tumalize kuswali magharibi mpaka isha iadhiniwe, hupita kama saa moja na robo. Huo ndio muda niliopewa na binti yangu. Mwanawe ana miaka 12 na alikuwa akicheza sataranji kwenye simu, ule mchezo wa dakika tatu tatu. Akishindwa huitupa simu kwenye mto na kununa mpaka chakula cha usiku. Siku moja mama yake akaja na ile simu mkononi: "Baba, hii naifuta. Kwanza wengine wanasema haramu."

Nikamwambia nipe mwezi mmoja. Simu weka wewe, mtoto niachie mie, na adhana ikisikika ubao unafungwa hata kama mfalme yuko shingoni mwa kifo. Akakubali, lakini kwa jicho lile mnalolijua.

Suala la haramu si la kupuuza, maana najua katika nyumba zetu nyingi huulizwa. Imam Nawawi, wa madhehebu ya Shafi, kaona sataranji ni makuruhu, na kamari ikiingia au mtu akapitwa na sala, hapo ni haramu. Wengine wamekaza zaidi. Mwanzoni mwa 2016 ilisambaa kauli ya Mufti Mkuu wa Saudia ya kuipinga, na mwishoni mwa 2017 Riyadh hiyo hiyo ikaandaa mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi. Mie si mufti, kila mtu amuulize sheikh wake. Kwangu masharti ni mawili, sala na pesa. Kijana mmoja wa ukoo alipotaka kuweka riyali 5 mezani "kunogesha", nilimrudishia na nikamsimulia kisa cha Dilaram, cha zamani sana. Bwana mmoja alicheza kamari ya sataranji mpaka akabaki na mke tu wa kuweka rehani. Akaelekea kushindwa. Mke, Dilaram, kutoka nyuma ya pazia akauona ubao, akampigia kelele: toa ngome zako zote mbili, uniokoe mie! Akazitoa, akashinda. Watu hukisimulia kwa sifa ya yule mwanamke. Mie hukisimulia kwa aibu ya yule mume.

Mtoto alikuwa anasikiliza. Akaniuliza, "Babu, zote mbili? Za bure?"

Hapo nikajua mchezo gani nimfunze.

Mwaka ni 1858, mji ni Paris, ndani ya jumba la opera. Paul Morphy, kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, Marekani, kaalikwa kwenye chumba cha Duke wa Brunswick, mtawala wa Kijerumani aliyepinduliwa 1830 akaishia kula raha ugenini. Jukwaani watu wanaimba, na chumbani Duke na rafiki yake Count Isouard wanacheza sataranji dhidi ya Morphy, wawili kwa mmoja, wakishauriana. Mchezo ulikwisha kwa hatua 17 tu. Umeandikwa vitabuni tangu hapo, na ukimuuliza mwalimu yeyote wa sataranji mchezo wa kwanza wa kumfunza mtoto, wengi watakutajia huu.

Kwanza tukubaliane majina. Mjukuu wangu kajifunza kwa Kiarabu, kwa hivyo malkia kwake ni wazir na tembo ni fil. Mie nilijifunza skuli ya misheni, na huko yule tembo tulimwita askofu. Watoto wa Kiarabu tumejaa darasani tunasukuma maaskofu! Nyumbani tumepatana kwa Kiswahili: mfalme, malkia, ngome, tembo, farasi, askari. Na kwa kuwa majina ni ya Kiswahili, mazungumzo nayo yamekuwa ya Kiswahili. Mtoto ambaye ukimsemesha hukujibu kwa Kiarabu au Kiingereza, sasa anasema "farasi wangu kafungwa". Hilo sikulipanga.

Morphy ana kete nyeupe. Kila upande ukasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, Morphy akatoa farasi, weusi wakalinda kwa askari mwengine, Morphy akampeleka askari wa malkia katikati. Hapo weusi wakatoa tembo kwenda kumbana yule farasi, kisha wakalazimika kumla, na malkia wa Morphy akamla huyo tembo. Tazama hesabu: kete za kila upande ni sawa, lakini malkia wa Morphy kishatoka, na tembo wa weusi aliyetoka kishakufa.

Morphy akatoa tembo akalenga udhaifu wa siku zote, askari aliye pembeni mwa mfalme. Weusi wakatoa farasi kuziba. Hatua ya 7 malkia akahamia b3, akawa anatazama mahali pawili kwa pamoja: yule askari wa f7, na askari wa b7 upande wa pili. Weusi wakalinda f7 kwa malkia wao. B7 ikabaki wazi.

Nikafunika kitabu. "Cheza wewe."

Mtoto hakungoja. Kanyanyua malkia akamla askari wa b7. Ni chakula cha bure, na kwenye simu angekila kwa nusu sekunde. Nikamwonyesha malkia mweusi akija b4 kumtishia mfalme. Malkia wawili wanabadilishana, na Morphy anabaki na askari mmoja wa ziada na mchezo mrefu wa kuchosha. Si vibaya, angeshinda pengine usiku wa manane. Lakini Morphy hakumla. Alimtoa farasi wake wa pili, basi. Hatua ya tisa akamtoa tembo wa pili akamfunga farasi mweusi kwa malkia wake.

Tukakaa hapo siku tatu. Si utani. Nilimwambia ahesabu nani yuko nje na nani bado kalala. Weupe: malkia, tembo wawili, farasi. Weusi: malkia ambaye kamzibia njia tembo wake mwenyewe, na farasi mmoja aliyefungwa. Ngome ya pembeni na tembo yule aliyezibwa hawakusogea hata hatua moja mpaka mchezo unakwisha. Kila mtu hupigia makofi hatua ya 16. Mie naona mchezo ulishindwa hatua ya 8, pale malkia alipoacha kula.

Baada ya hapo ni moto. Weusi wanasukuma askari kumfukuza tembo, Morphy anamtoa farasi akamle askari huyo. Wanamla farasi, tembo anakula askari wa pili na kumtishia mfalme. Wanaziba kwa farasi. Morphy anamficha mfalme upande wa malkia, na kwa hatua hiyo moja ngome inasimama kwenye mstari wa mashambulizi. Inakula farasi. Ngome nyeusi inaila. Ngome ya pili ya Morphy inakuja mahali pale pale. Weusi wanasogeza malkia wao pembeni kutaka kupumua. Tembo anaila ngome, farasi wa mwisho anamla tembo.

Na sasa Morphy anampeleka malkia wake b8, katikati ya maadui, na kumtishia mfalme. Farasi hana hiari, lazima amle. Akishatoka tu, ngome inateremka d8, tembo wa g5 anailinda kutoka mbali, na mfalme hana pa kwenda. Shah mat.

Panga ubao uone kilichobaki. Weusi wana malkia, ngome, tembo na farasi. Mweupe ana ngome moja na tembo mmoja, mbali na mfalme na askari wake, na ndiye aliyeshinda. Mtoto alicheka kwa sauti mpaka mama yake akatoka jikoni.

Morphy mwenyewe aliuacha mchezo wa mashindano akiwa bado kijana, akajaribu uwakili bila mafanikio, akafa New Orleans 1884 ana miaka 47. Hilo nilimwambia mtoto pia, maana aliniuliza kama alikuwa tajiri.

Mwezi umekwisha wiki iliyopita. Simu bado iko kwa mama yake na hakuna aliyeiuliza. Juzi mtoto kaomba acheze yeye upande wa Duke, ati kuna njia ya kumwokoa: badala ya kusukuma yule askari hatua ya tisa, malkia arudi c7, amwachie tembo wake njia ya kutoka. Nikatazama, nikatazama tena. Hajakosea. Mama yake alikuwa kashavuta kiti, kakaa upande wangu, ananiuliza hawa tembo wanakwendaje.

Ndege ikapita juu kuelekea uwanjani, na kabla sijamjibu, muadhini akaanza.