Nairobi hadi New York: Umbali Mmoja, Saa Tofauti

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800 kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kwa miaka mingi abiria walilazimika kubadilisha ndege Ulaya au Ghuba, mpaka usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda moja kwa moja kwa ndege aina ya Boeing 787, yenye marubani wanne wanaopokezana.

Njia hiyo fupi si ile anayoichora mtu kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Mstari wa rula ungepita Nigeria na Mali. Lakini dunia ni mviringo, na uzi ukivutwa juu ya tufe kati ya miji hii hupita kaskazini mwa Uganda, hukata Chad, Niger na Algeria, hutokea baharini kupitia Morocco, kisha hukaribia visiwa vya Azores. Hupanda kaskazini kuliko New York yenyewe kabla ya kushuka tena. Njia ya rula ingeongeza zaidi ya kilomita 300. Hata hivyo ndege haifuati uzi huo sawasawa, kwa kuwa hukwepa dhoruba na anga za nchi zenye vita.

Boeing 787 husafiri kwa takriban kilomita 900 kwa saa, hivyo hesabu ya darasani hutoa saa 13 na dakika chache. Ratiba husema karibu 15 kwenda na 14 kurudi. Sehemu ya tofauti ni muda wa kutembea uwanjani, kupaa na kutua, ambao nao huhesabiwa. Sehemu nyingine ni upepo. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, huvuma mkondo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Ndege inayokwenda Marekani hupambana nao, inayorudi husukumwa. Wakati wa baridi, tofauti ya joto kati ya tropiki na ncha ya kaskazini inapokua, mkondo huzidi nguvu.

Uwanja wa Jomo Kenyatta nao una taabu yake. Uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi, na ndege iliyosheheni mafuta hupaa kwa shida. Ubaridi wa usiku huifanya hewa iwe nzito zaidi, ndiyo maana kuondoka usiku kuna faida.

Ndege ikiondoka Nairobi saa sita usiku mwezi Januari na kuruka saa 15, Nairobi itakuwa saa tisa alasiri, na New York saa moja asubuhi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, tofauti hupungua kutoka saa 8 hadi 7. Anayekwenda kumpokea mgeni aangalie kwanza tarehe.