Je, Wajua? Maumivu ya Mwenzio Hayaonekani

JE, WAJUA kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kusema mgonjwa anaumia kiasi gani? Picha itaonyesha mfupa uliovunjika. Machungu anayajua mwenye mguu.

JE, WAJUA kwamba wanafalsafa nao wamekwama hapo hapo? Mwaka 1974 Thomas Nagel aliuliza: kuwa popo ni kuwaje? Hata tukichunguza ubongo wote wa popo, alisema, hatutajua yeye mwenyewe anahisije. Mwaka 1995 David Chalmers aliliita suala hili tatizo gumu la ufahamu.

  

JE, WAJUA kwamba katika mitaa ya Mbuya, mashariki mwa Kampala, swali hili si la vitabuni? Mwaka 2001 huduma ya Reach Out ilianzishwa kwenye parokia ya Mbuya kwa ajili ya watu wanaoishi na VVU, na wahudumu wake huwafuata wagonjwa majumbani. Pale kitandani hakuna mashine ya kupima uchungu. Lazima mgonjwa aulizwe.

JE, WAJUA kwamba mkono mtupu unatosha kujibu? Katika tiba shufaa Afrika, yaani tiba ya kuwapunguzia wagonjwa mateso, kuna kipimo cha mkono: ngumi maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Asiyejua kusoma anakiweza, na Mwacholi anaelewana na muuguzi anayesema Kiganda bila mkalimani. Kwangu mimi, muuguzi huyo amewapita wanafalsafa wengi: hangoji uthibitisho ndipo aamini.

JE, WAJUA kwamba imani hiyo ina dawa yake? Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akaeneza mofini ya maji, ya kunywa, ya kutuliza maumivu. Tangu 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika.

JE, WAJUA kwamba mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilisisitiza kuwa mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe?

Msomaji, ukienda kumjulia hali mgonjwa, usimwambie ajikaze. Mwulize maumivu ni vidole vingapi, na akijibu, mwamini.