Chai, Miraa, Ugoro na Unga: Kipi Kinadhuru Mwili, na kwa Kiasi Gani?



Juzi tulikaa na kikundi kimoja cha kujisaidia kilichokuwa kikirekebisha katiba yake. Kifungu kimoja tu ndicho kilichowashinda: "Mwanachama anayetumia madawa ya kulevya hatapewa mkopo." Mama mmoja akauliza, je, miraa imo? Kijana mmoja mwenye kibunda mfukoni akaruka juu: miraa ni mmea wa Mungu, inauzwa sokoni mchana, dawa gani hiyo? Mwenzake akamwuliza, kwani bangi huota wapi kama si shambani? Mzee mmoja akacheka mpaka akapiga chafya, maana alikuwa ametoka kunusa ugoro wake. Na sote pale tulikuwa na vikombe vya chai mkononi. Mkopo uliokuwa ukingoja uamuzi ulikuwa wa shilingi elfu ishirini za kununua mbuzi wa maziwa, na mwombaji alikuwa yule yule kijana wa kibunda.

Tuliahidi kuwaandikia maelezo, na kwa kuwa vikundi vingi huuliza swali hilo hilo, tunayaweka hapa.

Tuanze na hiyo chai. Mtu akishinda macho, kuna kitu hujikusanya ubongoni kidogo kidogo, nacho ndicho humwambia alale. Chai na kahawa zina kafeini, ambayo huenda ikakalia kiti cha kile kitu kabla hakijaketi. Usingizi unabisha hodi lakini haupati pa kukaa. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado imo mwilini, ndiyo sababu kahawa ya jioni humfanya mtu ahesabu mabati usiku. Mtu mzima mwenye afya aweza kunywa vikombe vitatu au vinne vya kahawa kwa siku bila taabu. Mama mja mzito apunguze, visizidi viwili. Ni kweli kwamba chai nayo ina mazoea yake: aliyezoea akiikosa asubuhi, kufikia saa nne kichwa kinamgonga. Lakini hatujamwona mtu akiuza mabati ya nyumba kwa ajili ya chai. Ubaya wa chai vijijini kwetu ni mwingine. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma ya mboga na maharagwe yasiingie mwilini, na akina mama na watoto ndio wenye upungufu wa damu. Kunyweni saa moja baada ya kula.

Sasa miraa, na hapa tutakaa kidogo. Kwa Wameru wa Nyambene miraa ilikuwa kitu cha wazee na sherehe, na kibunda maalumu kilipelekwa wakati wa kuposa. Ndani ya majani na maganda yake machanga mna kemikali iitwayo kathinoni. Hii haikalii kiti cha mtu kama kafeini. Hufungua ghala la ubongo na kumwaga vile vichangamshi ambavyo mwili umejiwekea. Moyo unakwenda mbio, njaa inakimbia, maneno yanakuwa mengi. Ndiyo handasi hiyo. Kathinoni ni ndugu wa amfetamini, dawa kali ya kutengenezwa viwandani, ila ni dhaifu kuliko hiyo, na kwa jani huingia mwilini polepole kwa kutafunwa masaa kadhaa. Tena haidumu. Siku mbili hivi baada ya kuchumwa, sehemu kubwa huwa imegeuka kuwa kitu hafifu zaidi. Kwa hiyo mkiona magari yakitoka Maua yakikimbia kama yanafukuzwa, na mzigo umefungwa kwa majani ya migomba, mjue kinachokimbizwa ni hiyo kathinoni.

Je, inadhuru? Mtu akila kidogo siku ya soko, madhara ni machache. Anayekula kila siku hadi usiku wa manane ana habari nyingine. Halali, na mwili usiolala huanza kudai. Hali chakula, na choo kinakuwa kigumu. Shinikizo la damu hupanda. Huko Yemen, ambako wengi hula kila alasiri, madaktari walikuta kwamba walaji wa kupindukia hupatwa zaidi na mshtuko wa moyo. Meno huoza, si kwa jani tu bali kwa soda na chingamu zinazoliwa nayo. Wachache huanza kusikia sauti, au kudhani majirani wanawawinda. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali. Asifungwe kamba wala kuzungushwa kwa waganga. Na wako wanaotafuta usingizi kwa chang'aa au kwa vidonge vilivyonunuliwa bila cheti. Huko kuchanganya ndiko sisi tunakoogopa kuliko jani lenyewe.

Muguka wa Embu ni jamaa ya miraa, majani yake hutafunwa, bei yake nafuu, na ndiyo sababu huwafikia vijana wasio na pesa. Mnakumbuka Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoupiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Sheria husema mambo tofauti mahali tofauti juu ya jani lile lile. Kenya yalihesabu kuwa zao la shamba. Ukivuka Tanzania na mirungi, kama wanavyoiita, unakamatwa. Uingereza waliipiga marufuku Juni 2014, ingawa washauri wao wenyewe walikuwa wamesema mwaka 2013 kwamba haikuhitajika. Jani halikubadilika kwa kupanda ndege. Sheria itakuambia utalala wapi ukikamatwa, lakini ukitaka kujua hali ya moyo wako, nenda ukapimwe.

Mfano mzuri zaidi uko mbali, Peru na Bolivia. Wakulima wa milimani huko wametafuna majani ya koka tangu zamani za mababu, na chai yake hunywewa kama sisi tunavyokunywa yetu. Katika jani, kokeini haifiki hata sehemu moja kwa mia kwa kawaida. Lakini ukiikamua, ukaifanya unga, ukaivuta puani au kuichoma na kuvuta moshi wake, inafika ubongoni kwa kishindo, na mtu anataka tena kabla ya jua kushuka. Mmea ni ule ule. Kilichobadilika ni wingi na mwendo.

Kwa kipimo hicho hicho pimeni heroini, unga unaowatesa wenzetu wa Pwani. Hiyo si kichangamshi hata kidogo. Hutoka kwenye utomvu wa afyuni, na kazi yake ni kutuliza. Ikizidi hutuliza hata pumzi, na mtu hufa. Miraa haizimi pumzi hivyo. Wanaojidunga kwa sindano moja huambukizana virusi vya ukimwi na ini. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asikate tamaa: tangu Desemba 2014 Kenya imekuwa na matibabu ya methadoni, yakianzia Mathari, Nairobi.

Bangi iko katikati. Haizimi pumzi, lakini moshi ni moshi, na kijana anayeianza akiwa shuleni huhatarisha akili yake kuliko mtu mzima. Ni haramu Kenya, na kikundi kisipuuze hilo: mwanachama aliyeko rumande halipi mkopo.

Na mzee wetu wa ugoro? Samahani mzee. Tumbaku ni halali, huuzwa dukani karibu na peremende, nayo huua zaidi ya watu milioni saba duniani kila mwaka. Vifo vilivyotokana na madawa kama heroini, kokeini na bangi mwaka 2019 vilikuwa kama laki sita. Bila shaka wavutaji ni wengi kuliko wadungaji, kwa hiyo msije mkasema unga una nafuu. Ugoro hauchomi mapafu kama sigara, lakini nikotini ni ile ile na tumbaku isiyo na moshi nayo huleta saratani.

Tulirudi kwenye kikundi kile wiki iliyofuata. Waliacha kutaja mimea katika katiba. Waliandika kwamba kamati itaangalia kama mwombaji amelipa michango yake miezi sita mfululizo, kama anafika mikutanoni akiwa timamu, na kama mke au mume wake amekubali mkopo. Kijana alipewa elfu kumi kwanza, mkewe akatia sahihi pia. Mbuzi mmoja amenunuliwa. Mzee alipendekeza ugoro uruhusiwe mkutanoni, wakakataa kwa kura.