Tunza chaji, usiku ni mrefu

Bwawa la Jinja linatoa umeme tangu mwaka 1954, lakini hapa Malukhu umeme unaweza kukatika usiku mzima. Mama akishikwa na uchungu saa hiyo, simu iliyozima haiwezi kumwita mkunga. Laptopu yenye chaji huweza kuchaji simu kwa waya wa USB. Kwa hiyo:

- Punguza mwanga wa skrini. Ndiyo hula chaji nyingi.
- Zima intaneti usipoitumia.
- Usiiweke laptopu juani wala juu ya godoro. Joto huua betri.
- Usingoje iishe kabisa; ichaji inapobaki asilimia 20.
- Betri ikivimba, acha kuitumia. Usiitoboe wala kuitupa motoni, inaweza kulipuka.

Kumbuka: sinema inaweza kungoja, uzazi haungoji.